Ombi la Kuandikiwa Kwamba Mchwa Wamekula Mashua Yetu

Duka la Vitambaa,
Tabora Mjini.
4 Mei

Mzee Adriano,
Msimamizi wa Banda la Mashua,
Kigoma.

Shikamoo Mzee.

YAH: MASHUA YETU KULIWA NA MCHWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Yash, yule muuza vitambaa wa Tabora. Mwezi wa kumi mimi na mke wangu Mitali tulikukabidhi mashua yetu ya tanga uitunze hadi mvua ziishe, kisha tukarudi nyumbani kwa treni. Nimechagua barua kwa sababu simu yangu hupokelewa na mke wangu.

Kwanza nakushukuru kwa utunzaji wako mzuri. Sasa naomba uuache. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kuondoka Mitali aliikumbatia mashua, akanitaka na mimi niiage. Niliipigapiga ubavuni kama mtu anayeaga ng'ombe, nawe ulikuwa umesimama pale unanitazama. Mzee, niliona haya.

2. Aliing'oa kana, ule mti wa kushikia usukani, akidai haiwezi kulala ugenini peke yake. Akaifunga kwenye kitenge, akaipakata ndani ya behewa. Uvinza akapanda mama mmoja mkulima, Janeti, anayekwenda Urambo, akasogea kumpisha Mitali kama mtu mwenye mtoto. Baada ya saa mbili akauliza kwa upole, "Mbona huyu hanyonyi?" Mitali akamfunulia. Nilitarajia yule mama ahame behewa. Badala yake aliipokea akaipakata yeye hadi Urambo, na alipokuwa anashuka akaomba naye achukuliwe safari ijayo. Kwa hiyo sasa tuna abiria.

3. Tangu Krismasi Mitali anashona tanga jipya kwenye sakafu ya duka. Wateja wanalizunguka kama wanazunguka dimbwi. Bwana Ngassa, mrina asali wa Sikonge, alikuja kutafuta turubai la kufunikia madumu yake. Mke wangu alimjibu kwamba turubai limeshapata kazi, akamshikisha ncha moja amsaidie kulikunja. Bwana Ngassa aliondoka mikono mitupu, tena amefurahi. Hilo ndilo linaloniudhi. Kila mtu anafurahi.

4. Namba hii nilitaka kuiruka. Siku mbili kabla hatujakukabidhi mashua, wimbi lilitupiga ubavuni, Mitali akatupwa nje. Nilimdaka kwa nguo. Sijui kuogelea, nimezaliwa Tabora, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaogopa ni ya Bwawa la Igombe. Nilipomvuta ndani alikuwa anacheka. Mimi mpaka leo nikifumba macho nauona mkono wangu umeshika nguo tupu, mwenye nguo hayumo. Na kazi yangu ni vitambaa, Mzee. Navishika kutwa nzima.

Kwa hiyo naomba uandike barua yenye muhuri, ielekezwe kwa Mitali, kwamba mashua imeliwa na mchwa. Usiseme wameila kidogo, maana atakuja na fundi. Wawe wamekula mkuku, mlingoti na kamba. Akidai ushahidi, mtumie gunia la unga wa mbao. Akisema anakuja kujionea, mwambie mchwa wamemaliza na banda. Akiuliza sasa wewe unakaa wapi, tafadhali usijibu.

Naomba umsalimie sana Mama, wajukuu wote, na fundi rangi Damas. Sisi huku hatujambo, joto tu.

Ni mimi ninayetegemea huruma yako kuliko uaminifu wako,

Yash

N.B. Haya nayaandika ndani ya treni, tumeshaipita Uvinza. Juzi, kabla sijaenda posta, nilimwambia Mitali nataka tuiuze mashua, na nikamweleza kwa nini. Aliweka sindano chini. Akasema, "Basi tuiuze. Mimi napenda kule ziwani kwa sababu kule unaongea na mimi. Dukani unaongea na wateja."

Nilijaribu kumjibu, akaingia mteja. Nikamhudumia mteja. Yule mteja alipoondoka nilifunga duka saa tisa mchana, jambo ambalo baba yangu hakulifanya hata siku ya harusi yake, nikaenda stesheni kukata tiketi mbili.

Kwa hiyo ombi langu hapo juu lifute. Badala yake naomba utuazime maboya mawili ya kuvaa. Langu liwe kubwa. Barua hii nakukabidhi mwenyewe mkononi. Ukishaisoma ichane haraka, maana mke wangu yuko hapo nje anavua viatu aje akuamkie.