Kamati ya Visigino

Mpwa wangu Nondo, binti fundi wa kuchomelea mageti, alikosa vitu vingi. Alikosa kibali cha kisigino. Alikosa ukumbi wa mazoezi, mtu wa kumsemea, na mdomo wa kunyamaza mbele ya wakubwa. Mabega alikuwa nayo. Mlango wa ofisi yetu alipita kwa ubavu. Lakini misuli haijawahi kuwa hati ya serikali.

Ndiyo maana Idara ikatangaza, kwa fahari kubwa, kuundwa kwa Kamati ya Visigino vya Washindani wa Umbo. Katika mashindano hayo wanawake hupanda jukwaani wamepakwa mafuta, wamevaa viatu virefu, wakigeuka taratibu ili majaji waone misuli ya kila upande. Jambo zito namna hiyo haliwezi kuachiwa wenye miguu. Tukateuliwa wanaume watupu, ili kuepuka upendeleo. Mimi nikawa Katibu.

Nondo, aliyetaka kushindana, alituletea viatu alivyojichagulia: vya plastiki angavu kama kioo, vyenye mkanda wa kufunga kifundoni.

"Mkanda wa nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Mafuta yakishuka mguuni kiatu kinateleza, mzee. Na hii plastiki inafanya mguu uonekane mrefu."

"Mpaka vidole vinaonekana," Mwenyekiti akasema kwa huzuni. "Idara hii haijawahi kuonyesha yaliyomo ndani."

Tukavikataa. Baada ya vikao vyenye chai nzito tukapitisha kiatu rasmi: cheusi, kisicho na mkanda, saizi moja kwa washindani wote kwa ajili ya usawa. Ikanunuliwa pea moja. Nikaagizwa pia kumjulisha mshindani kwamba mazoezi ya nyumbani ni marufuku.

Nilimkuta jikoni anaosha vyombo, amevaa vile vya plastiki.

"Ukiweza kusugua sufuria juu ya hivi bila kushika sinki, mjomba, jukwaani hutetemeki."

"Niite Katibu. Niko kazini."

"Haya, Katibu, nipe hiyo sahani."

Nikampa.

"Miaka miwili sijaonja sukari," akasema bila kugeuka. "Mchana nachomelea, jioni nanyanyua vyuma. Wakininyima jukwaa Jumamosi kwa ajili ya kiatu, nitalia. Na unanijua, mimi silii."

Siku ya jaribio la kutembea na kiatu rasmi, korido ya Idara ilipigwa deki ikang'aa. Nondo akavitazama viatu rasmi.

"Wazee wangu, nani kati yenu amewahi kutembea na hivi?"

Mhasibu akakohoa.

"Dada zetu wanakimbilia navyo basi," Mwenyekiti akasema, "na mtoto wamebeba. Vitanishinda mimi mwenye digrii?"

Papo hapo akatoa azimio: atakayefika mwisho wa korido ndiye mwakilishi rasmi wa Idara, bila kujali cheo wala jinsia, na yeye ataanza ili kuweka kiwango. Nikaandika.

"Uzito weka mbele, mzee," Nondo akamshauri. "Kwenye dole gumba. Usiangalie chini."

"Usinifundishe kazi!"

Akaenda. Mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa Mhasibu, makalio yakiuliza njia. Alipogusa mlango wa choo, yaani mwisho wa korido, kisigino kikavunjika na Mwenyekiti akakaa sakafuni kwa hadhi yote. Tukapiga makofi. Nani angeanza kumpunguzia alama? Akapewa zote.

Kisigino kilikuwa huku, soli kule.

"Na mimi?" Nondo akauliza.

"Umeshindwa kwa kukosa kiatu kilichoidhinishwa," Mwenyekiti akasema, akisugua kiuno. "Njoo mwakani."

Nondo akakaza taya. Macho yakamjaa maji, akatoka haraka, kwa ubavu.

Nikarudi mezani. Waandaaji wa mashindano walidai kitu kimoja tu kutoka kwetu: jina la mwakilishi rasmi. Wasipolipata, hapandi mtu. Wakilipata, washiriki binafsi wanaruhusiwa kupanda na viatu vyovyote wavipendavyo. Azimio ni azimio. Nikaandika jina la aliyefuzu.

"Ni taarifa ya matokeo?" Mwenyekiti akauliza, kalamu tayari mkononi.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Inawajulisha nani kafuzu."

"Umeandika kwamba nilipata zote?"

"Zote."

Akasaini bila kusoma, kwa mkono ule ule anaofukuzia nzi. Angesoma, angeona nilivyomjali: nimemwombea vazi dogo la jukwaani la saizi kubwa kuliko zote, mafuta ya kutosha kitambi kizima, na mtu wa kumnyoa kifua.

Nikampigia simu mpwa wangu.

"Jumamosi kavae vyako."

"We mjomba! Umefanya nini?"

"Nimetekeleza azimio."

Nikaikunja barua, nikaipiga lakiri, nikamkabidhi tarishi na kumwambia asisimame popote njiani.