Kamati ya Mlo wa Hamsta

"Karanga hazitoki!" Mama Nafaka alipiga benchi kwa kiganja. "Zitoeni kwanza zabibu za Kinyozi, halafu ndiyo mje kwenye karanga zangu."

"Zabibu zimekosa nini?" Kinyozi alikuja juu. "Kiumbe amefungiwa kizimbani, usiku kucha anazungusha gurudumu, hana mke, hana simu, halafu mnamnyima hata kitu kitamu?"

Kati yao, kwenye benchi la mbele ya duka la nyama, palikuwa na vikombe vya kahawa, kopo kubwa la mbegu za kila aina na kizimba cha waya. Ndani ya kizimba Bonge alikuwa amelala fofofo, amejikunja kama soksi. Bonge ni hamsta, yaani panya wa kufugwa mwenye mashavu makubwa na mkia ambao ni kama wa kusingiziwa.

Bucha, mwenye duka, alisimama mlangoni na aproni yenye damu. Mtu huyu hupasua paja la ng'ombe kwa mapigo matatu, lakini wiki nzima alikuwa hajalala kwa ajili ya mnyama asiyefikia uzito wa mayai matatu.

"Mgongo," alisema. "Nimewaita tuzungumzie mgongo."

Walichungulia. Mgongoni mwa Bonge palikuwa na upara wa ukubwa wa kifungo cha koti.

Chanzo cha yote ni gazeti la Karani. Karani ni mstaafu wa ofisi ya ardhi, na husomea kijiwe habari kwa sauti, mtu apende asipende. Mwezi uliopita alisoma kwamba chakula cha wanyama wa nyumbani kimepanda bei maradufu. Papo hapo kijiwe kikaamua kuchanganya chenyewe, na Karani akaunda kamati. Kamati ikakubaliana kwamba mlo lazima uwe na uwiano. Uwiano wenyewe, kwa kamati ile, ulikuwa kila mjumbe atie chake na asiachwe mtu. Mama Nafaka akatia alizeti na karanga. Kinyozi akatia zabibu na biskuti. Karani, ambaye hauzi kitu, akatia mbegu za maboga alizonunuliwa na mkewe kwa ajili ya kibofu, maana alikuwa anatafuta pa kuzipeleka.

Tatizo ni kwamba Bonge si wa Bucha. Ni wa binti yake, aliyekwenda kusoma ng'ambo akamwachia baba mnyama kwa mikono miwili. Kila Jumapili saa nne hupiga simu ya video amwone. Jumapili mbili zilizopita Bucha alimwonyesha uso tu, mgongo kauziba kwa kidole gumba. Leo ilikuwa ya tatu, na saa nne ilikuwa inakaribia.

Bucha alitoa karatasi yenye doa la mafuta. "Daktari wa mifugo kaandika. Vijiko vinane vya nafaka: shayiri, ngano, mtama. Mbegu za mafuta kijiko kimoja, zote pamoja. Mboga kavu kijiko kimoja. Yai la kuchemsha, kipande kama punje ya hindi, mara mbili kwa wiki. Sukari, hakuna."

"Zote pamoja?" Mama Nafaka aling'aka. "Alizeti, karanga na maboga wabanane kwenye kijiko kimoja?"

"Naomba suala hili lipelekwe kamati ndogo," alisema Karani.

"Kamati ndogo ni nani?"

"Mimi."

"Mgongo niachieni mimi," Kinyozi alidakia. "Napunguza manyoya ya pembeni kidogo, upara unakuwa mtindo."

"Kuna jingine," Bucha alisema polepole. "Daktari kaniuliza bakuli nalijaza lini. Nikamwambia, alizeti zikiisha."

"Na nafaka?"

"Anazifukia kwenye maranda ya mbao. Halafu anakaa, ananitazama."

"Na wewe unaongeza?"

"Ananitazama kwa huzuni, bwana!"

Kinyozi alicheka mpaka akashika nguzo. "Mzee, huyo hafugwi. Anayefugwa hapa ni wewe!"

"Mashavu yamejaa, ghala limejaa, bado analia njaa," alisema Karani. "Huyu agombee tu, kura yangu anayo."

Mama Nafaka hakucheka. Alikuwa ameinamia kizimba, pua imemkunjamana. "Hebu subirini. Hizi zote ni mbegu. Harufu ya kondoo inatoka wapi?"

Bucha aliangalia viatu vyake.

"Ni kidogo tu," alisema. "Mafuta ya mkia. Kila nikifunga duka."

"Mafuta ya kondoo!"

"Anakaa kwa bucha, alale bila nyama? Mimi nitajisikiaje?"

Nyuso zilichangamka kama watu wamepokea mshahara. Karani alifungua daftari. "Kumbukumbu zionyeshe kwamba kamati haihusiki."

"Zabibu zangu zimesingiziwa wiki nzima!" alisema Kinyozi.

Bucha alinyanyua kopo akalimwaga lote kwenye ndoo ya mifupa. Mama Nafaka alipiga ukelele kama ameibiwa.

"Mama, niletee shayiri, ngano, mtama na alizeti kidogo. Sasa hivi."

Alileta, huku ananung'unika. Bucha akapima kijiko kimoja kimoja, akikisawazisha kwa ubapa wa kisu cha nyama. Akaongeza alizeti kidogo na karoti alizoanika mwenyewe juu ya bati. Akafukua ghala la Bonge lote pembeni mwa kizimba, akaweka kijiko kimoja kwenye bakuli, basi.

"Asipokula nafaka?" aliuliza Kinyozi.

"Siongezi mpaka amalize."

"Akikutazama?"

"Nitamgeukia ng'ombe."

Simu ikaita. Picha ya binti ikajaa kwenye kioo. Kinyozi akakumbuka kuna mteja amemwacha na nusu kichwa. Mama Nafaka akakumbuka duka liko wazi. Karani alikunja gazeti, akakunja na kamati, akaondoka bila kufunga kikao.

Bucha alifuta mikono, akamtoa Bonge, akapokea.

"Shikamoo, baba. Bonge hajambo?"

"Marahaba, mwanangu."

Kidole gumba kilikuwa kimeshapanda mahali pake. Akakiondoa, akamgeuza hamsta, mgongo wote ukaelekea kwenye kamera.

Binti alisogeza uso karibu na kioo.

"Baba! Nani kamlisha mpaka akawa hivi?"

Bucha alitazama benchi. Vikombe vilikuwa bado vinafuka moshi, watu hakuna.

"Mimi," alisema.