Kiwiko cha Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kipaza sauti kilikohoa, kikapiga mluzi uliowabwekesha mbwa wote wa maegesho, kisha kikatulia. Ndipo sauti ya mwanamume ikatangaza, kwa upole wa mtu asomaye hukumu, kwamba kuanzia asubuhi hiyo hakuna mpira utakaotoka mkononi mwa msichana yeyote katika viwanja vya Chuo cha Cottle, Oklahoma, bila kufuata Mwongozo wa Mbinu Sahihi, toleo la kwanza, kurasa mia mbili na kumi na mbili.

Wazazi waliokuwa wakikunjua viti vyao kivulini walitazamana. Mmoja akatema maganda ya mbegu za alizeti.

"Huyu naye katokea wapi?"

Alitokea idara ya maegesho. Bwana Wendell Krebs aliiongoza miaka tisa, akakomesha kabisa msongamano wa magari kwa kuondoa nafasi za kuegesha. Kipaji kama hicho hakiachwi kikaoza, kwa hiyo chuo kikamkabidhi Ofisi ya Mbinu Sahihi ya Softboli, ule mchezo wa mpira unaorushwa kwa mkono wa chini na kupigwa kwa gongo, ofisi yenye meza, muhuri na yeye mwenyewe. Hakuwahi kurusha mpira maishani. Hilo alilihesabu kuwa sifa. Hakimu wa wezi, alipenda kusema, si lazima awe ameiba.

Siku hiyo ilikuwa ya majaribio. Wasichana sitini wa sekondari walikuja na namba migongoni, na chuo kilikuwa na nafasi moja tu ya mrushaji, masomo bure miaka minne. Kocha Odessa Grubb alikaa nyuma ya wavu, kipima kasi mapajani. Mrushaji wake wa pekee alibakiza miaka miwili ahitimu, na bila mwingine msimu wa baada yake ungekuwa wa kuzika. Lakini jina lisilo na muhuri wa Krebs halikuingia kwenye orodha yake.

Namba thelathini na nne alikuwa Shyla Puckett, miaka kumi na sita, mkono mrefu, ulimi mfupi. Futi arobaini na tatu mbele yake baba yake, Dwayne, alikalia ndoo iliyopinduliwa, glavu mkononi, kama alivyokaa kila jioni kwa miaka minane nyuma ya nyumba yao. Dwayne alichomelea matangi ya mafuta, zamu ya usiku. Cottle ndicho chuo pekee ambako angeweza kutazama mechi hadi mwisho na bado akawahi kazini. Shyla hakuwa amemwambia mtu, lakini hilo ndilo lililomleta.

Akazungusha mkono kama pangaboi. Ukapita chini, ukakwangua nyonga, kifundo cha mkono kikachapa kama mjeledi, na glavu ya baba ikalia paa.

Krebs alisogea na kipimapembe. Sheria ya michezo ya vyuo inakataza mtu wa chuo kuzungumzia usajili na mchezaji kabla ya tarehe mosi Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, ambao Shyla alikuwa karibu kuuanza. Makocha wengine huielewa hivi: fundisha, salimia, usajili uache. Krebs, mtu wa tahadhari, aliielewa kuwa asimsemeshe kabisa. Akaongea na ndoo.

"Ndoo," alisema, akiinama kwa heshima, "mfahamishe mhusika kwamba ukurasa wa arobaini na moja unamtaka amalize kwa kuinua kiwiko hadi kidevuni, kama anayeuaga mpira. Yeye kiwiko anakiacha chini."

"Ndoo imesikia, bosi," alisema Dwayne. "Ila inauliza, mpira ukishatoka mkononi, kiwiko kinausaidia nini?"

Krebs alijibu kwamba swali hilo liwasilishwe kwa maandishi. Akampa Shyla alama thelathini na moja. Msichana aliyemtangulia alikuwa amepata tisini na nane kwa kiwiko kilichonyooka kama mnara. Mpira wake ulikuwa bado unatafutwa nyuma ya kibanda cha soseji. Hayo, Krebs aliwaeleza wazazi, yalikuwa mambo ya mpira, hayakuhusu mbinu.

Marudio yaliruhusiwa. Shyla akajaribu kutii. Alirusha, akainua kiwiko hadi kidevuni kama picha ya kitabuni, na mpira ukaenda taratibu kama barua ya serikali, ukadunda mara mbili kabla ya kumfikia baba. Uso wa Krebs uling'aa. Alama themanini na nane. Kocha Odessa alikigonga kipima kasi kwa kidole, akidhani kimekufa.

Sasa mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Akirusha kwa kitabu, angepata muhuri na Odessa asingemtaka. Akirusha kwa mkono wake, Odessa angemtaka na muhuri asingeupata. Dwayne aliuangalia mpira miguuni pake kana kwamba ni wa watu wengine, na Shyla akamwona.

"Baba, niulizie," alisema. "Hicho kitabu kinasema mkaguzi akae wapi?"

Krebs alifurahi, hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kitabu. Akafunua ukurasa wa mia na nne, akausoma kwa sauti: mkaguzi atathibitisha mbinu akiwa mahali mpira unapopokelewa. Aliuandika mwenyewe, Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana, bila kuwaza kwamba kuna siku mtu angeutumia.

"Basi karibu kiti, mzee," alisema Dwayne, akinyanyuka. "Kinyago cha kukinga uso hicho hapo. Na usifumbe macho, anayefumba ndiye anayeumia."

Krebs akavaa kinyago na glavu, akakaa, kipimapembe mfukoni.

Mpira wa kwanza hakuuona. Aliusikia nyuma yake, kwenye wavu, akageuka kuuliza kama wameshaanza. Wa pili uliingia ndani ya glavu wenyewe, ukaisukuma glavu kifuani, kifua kikaisukuma ndoo, na vyote vikalala chali kwenye vumbi jekundu. Wakamkalisha tena. Wa tatu ulikuja usawa wa tumbo, ukabadili nia njiani, ukazama, ukampata kwenye muundi.

"Maili sitini na sita kwa saa," Kocha Odessa alisoma. Yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo. Wazazi wakaacha kutafuna.

Kisha Kocha akaokota fomu ya tathmini. Mwongozo ulisema kila atakayeshika glavu uwanjani apimwe bila upendeleo, naye hakupendelea. Macho: yamefumbwa. Glavu: mkono usio wake. Jumla: kumi na moja. Chini ya arobaini, kwa mujibu wa ukurasa wa mia mbili, mhusika atajiunga na darasa la Jumamosi la watoto wa miaka minane, wala hatashika muhuri mpaka afaulu. Odessa akatia sahihi, akanyoosha mkono. Krebs, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaidi fomu yenye sahihi, akautoa muhuri. Odessa akaugonga kwenye orodha, mstari wa thelathini na nne.

Dwayne alileta barafu kutoka kwenye sanduku la vinywaji, akamfungia mguuni. Kiganja cha Krebs kilikuwa bado kinawaka. Hapo vumbini alimtazama msichana machoni, akasahau sheria zote, za wengine na zake.

"Binti," alisema, mbele ya wazazi wote, "tarehe mosi Septemba, saa mbili asubuhi, Kocha atakupigia simu, na simu nitamshikia mimi. Tarehe mbili nitajiandikia barua kali ya onyo kwa kukuambia haya leo."