Upepo wa Mirihi

Jumatatu, 3 Juni
Mkurugenzi wa makumbusho kanikabidhi mhadhara wa Jumamosi! Mada ni lile jiwe la sayari ya Mirihi, limejaa vijiwe vya mviringo vilivyoshikana kama mayai ya chura. Vilitokeaje? Wataalamu hawajaafikiana. Wengine wanasema maji yenye madini yalipenya mwambani. Wengine, ni matone ya mwamba ulioyeyuka yaliyopoa. Mimi nasema upepo.

Binti yangu, anayesomea miamba, atakuja. Kisha atakula kwangu, mara ya kwanza tangu tumzike mama yake. Bado ananilaumu kwa kusema homa iliyomuua mama yake ilikuwa uchovu tu. Mwanzoni ilikuwa uchovu. Ana sharti moja: usichokijua, Baba, sema hujui. Sharti jepesi, ila sidhani kama litahitajika.

Jumanne, 4 Juni
Kabati (ndivyo tunavyomwita mama anayetunza makabati ya maonyesho) kanishauri nieleze rai zote mbili, kisha nikae. Wivu! Nimetandaza udongo mbichi kwenye trei stoo kwake, nikawasha feni kubwa. Ikaangusha vile vifuko vyake vya kunyonya unyevu wa makabatini. Nikavirudisha rafuni bila kuvikagua. Mtafiti hana muda wa vifuko.

Alhamisi, 6 Juni
Vijiwe! Udongo umejaa vijiwe vya mviringo, vinang'aa! Nimelia, wala sioni haya. Nikamwambia Mkurugenzi fumbo limefumbuliwa. Akauliza kama nimerudia jaribio. Nikasema ukweli haurudiwi. Nimenunua sahani mbili mpya.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulifurika. Nikafunua trei. Makofi! Kabati akasogea, akaokota kijiwe kimoja, akasema kwa upole kwamba hizo ni chembe za kwenye vifuko vyake. Kifuko kimoja kilikuwa kimepasuka. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akanong'ona kuhusu debe tupu.

Binti yangu hakucheka. Alisimama, akaniuliza taratibu: kwa hiyo, Baba, vijiwe vya Mirihi vilitokeaje? Nilimwelewa. Alikuwa ananifungulia mlango. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikasema Mirihi nayo ina chembe kama hizo, na upepo ndio unaozimwaga.

Akachukua mkoba wake. Nimekula peke yangu.

Jumapili, 9 Juni
Ameniandikia! Anasema angenisamehe yote, hata ya mama yake, kama ningesema sijui. Anasema bado yupo mjini mpaka jioni, niseme tu. Nimeusoma ujumbe mara nyingi, macho yakaniuma. Nikamjibu papo hapo kwamba nilijua tangu mwanzo, nilitaka tu kupima kama wasikilizaji wako macho.

Giza limeingia, hajajibu. Sababu naijua: simu yake imekwisha chaji.