Kiungulia cha Karani wa Mapokezi

Jumatatu, 3 Machi
Bahati hiyo! Daktari anatafuta mtu wa kuwaelimisha wagonjwa pale kwenye mabenchi ya kusubiri, kuhusu kiungulia na shida ya kumeza. Ijumaa tutajaribiwa wawili: mimi, karani wa mapokezi, na muuguzi tunayemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Mshindi anakabidhiwa kipaza sauti. Miaka yote hii nimeita wagonjwa kwa koo tupu. Kipaza sauti hicho ni changu!
Nimesherehekea kwa nyama ya kukaanga. Tonge likakwama kifuani. Nikanyoosha shingo, nikajipiga ngumi, nikalisukuma kwa maji. Mke wangu akasema nameza kama bata, na imekuwa kawaida sasa, nikamwone daktari. Wiki hii? Mwalimu wa kuogelea hatangazi kwamba anazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma vijitabu vya kliniki. Mwenye kiungulia ainue kitanda upande wa kichwa. Vizuri. Nimeweka matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wenye ubao, sawasawa na picha.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Uchungu umenipanda hadi puani. Mke wangu, aliyehamia sakafuni, amenikumbusha kwamba sisi hulaza vichwa upande wa pili, ili tupate upepo wa dirisha. Kijitabu hakikutaja madirisha. Kina kasoro.

Alhamisi, 6 Machi
Kengele kachora koo zima kwa rangi. Mbwembwe! Mimi nitaleta shahidi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hodari wa kuigiza, atajifanya mgonjwa aliyeponywa na mafundisho yangu. Akauliza mgonjwa wa hivyo huwa na dalili gani. Nikamjibu kwamba msanii wa kweli hujifunza kwa kutazama watu. Akabaki kula nasi, macho yote kwangu. Nilidhani anaitamani nyama yangu. Nikaharakisha kuimeza.

Ijumaa, 7 Machi
Nilianza kwa kishindo. Tafuna vizuri. Kula kidogo kidogo. Usilale ukitoka kula. Chakula kikikwama, au ukikonda bila sababu, usijitibu, mwone daktari. Makofi! Nikamwita shahidi.
Shemeji akanyoosha shingo. Akajipiga ngumi kifuani. Akanywa maji macho yakimtoka, akakaza mkanda hadi tundu la mwisho, akasema kwa sauti yangu kabisa kwamba hajakonda, ni mkanda tu umetanuka. Bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza, jamani, huyo si karani wetu? Benchi zima likaangua kicheko. Kengele akacheka mpaka akashika ukuta.
Daktari hakucheka. Aliutazama mkanda wangu, nao uko tundu la mwisho. Akaniambia mbele ya watu kwamba Jumatatu napitishiwa kamera kooni, na nisithubutu kukosa.
Kipaza sauti kachukua Kengele. Shemeji anauliza kama aliigiza vizuri.

Jumatatu, 10 Machi
Kamera imepita. Niliogopa, nakiri humu tu. Mke wangu alinishika mkono bila kutaja bata hata mara moja. Majibu: koo limebabuka kwa tindikali, hakuna kibaya zaidi, dawa zitalituliza nikifuata masharti. Masharti yenyewe ni yale yale niliyoyahubiri Ijumaa. Daktari akaongeza kwamba ningechelewa, tungekuwa na mazungumzo mengine. Mke wangu alilia kidogo kwenye korido. Nimeapa kubadilika.

Jumanne, 11 Machi
Kengele ameniomba Ijumaa nisimame mbele kama mfano wa mgonjwa asiyesikia. Nimekubali. Hajui alichokifanya! Nikishasimama karibu na kipaza sauti, nani ataninyang'anya? Nitawasimulia nilivyobadilika. Mke wangu atakuwa shahidi. Nimemwomba, akauliza ashuhudie lipi hasa.
Mpango kama huu unahitaji mtu aliyeshiba. Nyama ilikuwa tamu. Naandika nikiwa chali kitandani, sahani tumboni. Kuna kitu kinachoma kifuani. Furaha, bila shaka. Nimenyoosha shingo kidogo. Mazoezi tu.