Malalamiko Kuhusu Kubaguliwa kwa Ufutio Wangu

Mheshimiwa Msajili wa Chuo,

Pokea heshima zangu zote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na maji yamenifika shingoni. Jumatatu nina mtihani wa marudio, nikiufeli nafukuzwa. Kosa ni lenu: mlinipokea kwa mtihani wa aina moja, mnanitoa kwa aina nyingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani wa kuingia chuo ulikuwa wa kistaarabu. Kila swali lilikuja na majibu yake manne, kazi yako kukoleza kiduara kwa penseli. Nina ufutio nilioandika A, B, C na D kwenye pande zake. Niliurusha mezani swali baada ya swali, ukisimama wima naruka. Tulifaulu vizuri sana.

2. Mtihani wenu unauliza, halafu unanyamaza. "Jadili." Nijadili na nani, na kuongea humo ni marufuku?

3. Hata hivyo nilijitahidi. Kwenye "Eleza sababu za mfumuko wa bei", ufutio ulisema C. Nikaandika C kubwa, nikaipigia mstari kwa rula. Mhadhiri akanipa sifuri na kuandika pembeni, "Unanitania?" Simtanii.

4. Msimamizi alidai ufutio unasumbua wenzangu. Wenzangu hawakulalamika. Wawili waliinama kuangalia umeangukia nini.

5. Mama yangu ni fundi cherehani. Matokeo ya kuingia chuo yalipotoka, alinipima mabega siku hiyohiyo akanishonea joho la mahafali. Limetundikwa dukani kwake, wateja wanalipapasa na kumpongeza. Nikirudi nyumbani sasa hivi, atalishusha mbele ya nani? Kusema kweli, naogopa.

Naomba basi maswali ya Jumatatu yaje na majibu manne manne. Ikishindikana, ufutio usajiliwe rasmi, maana mliyempokea si mimi peke yangu.

Nisalimie wahadhiri, makarani wako, na yule msimamizi pia. Sina kinyongo.

Wako mtiifu,
Profesa (ndivyo mama anavyoniita)

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliuliza ufutio. A, peleka barua; B, peleka kesho; C, omba radhi; D, kaa chini usome. Ukasema D. Nikarudia, D. Nikaazima wa jirani yangu bwenini, nikauandika herufi, nao D. Barua nimeileta hivyo hivyo. Jambo zito kama maisha ya mtu haliwezi kuachiwa ufutio.