Mtangoja na Kwale wa Malonje

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Sikufungua kibanda changu cha kuchaji simu. Nina jambo kubwa zaidi.

Baba mkwe, Mzee Marselino wa kijiji cha Kate, alitupa sisi wakwe zake wawili mtoto wa mbwa mmoja mmoja, wa tumbo moja, tuwafunze kuwinda kwale. Mimi na Basil. Basil kaoa mdogo wa mke wangu, na kwa bahati mbaya milango yetu inatazamana. Leo mzee kapiga simu. Jumapili anakuja kuwakagua. Mbwa asiyejua kazi atarudi naye Kate.

Arudi Kate! Mbwa wangu! Anayelalia viatu vyangu!

Basil kampa wake jina Wivu. Humwita akiwa ameuelekea mlango wangu. Sikukubali. Wangu nikamwita Mtangoja, nikamwita kwa sauti mpaka Basil akatoka nje na mswaki mdomoni. Raha iliyoje.

Sasa mafunzo. Basil anafuata mtindo wa kizamani: anamfungulia Wivu pamoja na jibwa lake zee, wakimbie wapendavyo porini. Eti mbwa hufundishwa na mbwa. Nilicheka. Mimi nimejifunza kwenye video za Wazungu, kwa simu za wateja zisizo na namba ya siri. Mbwa wa kule akinusa ndege habweki. Anasimama kama kagandishwa, mguu mmoja juu, anamsubiri mwenyewe. Nilitazama mpaka bando la Mwalimu Lucia likaisha.

Maneno ni mawili tu. Ngoja, asimame. Kimbia, aende.

Jumatano, 9 Julai

Video inataka bawa la ndege kwenye ufito. Nimechinja jogoo wa Kalista, mke wangu. Nyama tumekula wote, kwa hiyo sioni ugomvi unatoka wapi.

Lakini matokeo! Nimepunga bawa, nikasema Ngoja. Mtangoja akasimama. Mkia haukutikisika. Nzi akamtua puani, hakujali. Nikasema Kimbia, akaruka kama jiwe la manati. Miezi mitano tu tangu azaliwe! Nani kamwekea akili hii? Nilikaa chini kwenye mabua nikamtazama tu.

Ana adabu ya kupita kiasi pia. Nikimwita jina aje kula, anasimama palepale, ananitazama, mguu juu. Anasubiri ruhusa! Kalista akimwambia "We, njoo ule," anakuja mbio. Anamharibu.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango wa pembeni: nimemrushia Wivu dagaa wa Kirando, ili Jumapili pua yake inuse dagaa badala ya kwale. Umeharibika. Wivu kahamia mlangoni kwangu, haondoki. Basil kawatangazia majirani kwamba wivu sasa unaishi kwangu rasmi. Wamecheka mpaka wauza maandazi.

Asubuhi nilimpeleka Mtangoja mlimani Malonje. Baridi, ukungu mpaka magotini, mashamba ya ulezi yameshavunwa. Ghafla akasimama. Mguu juu. Sikuwa nimesema neno lolote! Nikatazama anakotazama. Majani tu. Nikaendelea kutazama. Jicho. Jicho la kwale, limetulia kwenye majani, linatutazama sisi.

Sikuthubutu kupumua, sembuse kusema Kimbia. Tukakaa hivyo watatu, mimi, mbwa na kwale, mpaka kwale mwenyewe akaruka kwa kishindo na moyo wangu ukaruka naye. Nimelia kidogo. Baridi ile inatoa machozi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa tulipanda Malonje: Mzee Marselino, Basil, Kalista na mimi.

Wivu alianza. Akabweka toka barabarani. Kwale wote wa upande ule wakaondoka kabla hatujafika. Nikampa Basil pole, pole ndefu sana.

Zamu ya Mtangoja. Akanusa, akapinda, akasimama. Mguu juu, mgongo umenyooka. Hata upepo ulikuwa kama umemheshimu. Mzee akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amewinda toka ujana wake na hajawahi kuona mbwa akisimama hivi.

Nikapiga kelele: "Kimbia, Mtangoja!"

Akainua mguu wa pili, akaurudisha. Nikarudia. Akainua, akaurudisha. "Mtangoja, kimbia! Kimbia, Mtangoja!" Anatetemeka mwili mzima, maskini, lakini haendi. Kwale wakatoka kwenye majani kwa miguu, mmoja nyuma ya mwenzake, wakapita mbele ya pua yake, wakaenda zao.

Kalista kacheka mpaka kakaa chini. "Baba Jenifa," akasema, "kila ukimwita jina unamwambia angoje. Mtangoja! Sasa aende saa ngapi?" Kisha akasema "We, njoo," na mbwa akaja.

Nilimkumbatia nikingoja hukumu. Mzee kafikiri sana. Kasema Wivu anarudi Kate, Mtangoja anabaki, mbwa hana kosa. Akaniwekea mkono begani: "Lakini mkwe, mpe mbwa jina la mbwa. Acha kusema watu."

Anabaki! Niliitikia kila kitu.

Jumatatu, 14 Julai

Jina jipya. Kalista kapendekeza Popi. Popi! Mbwa aliyemvua mzee kofia!

Basil kakaa mlangoni peke yake toka asubuhi, hana mbwa, kanuna. Nafasi kama hii haiji mara mbili. Nimefikiri kwa makini, nikahakikisha jina halina ngoja ndani yake hata kidogo. Mtakimbia. Jioni nimesimama uani, geti wazi, uso kwa Basil, nikaita kwa nguvu zangu zote.

Kapita mbele ya miguu ya Basil. Kavuka barabara. Kashika mashamba kuelekea Malonje, masikio nyuma, hagusi mchanga. Jamani! Sijawahi kuona kiumbe kikienda vile. Nimemwita arudi. Kaongeza mwendo. Nimemwita tena. Sasa hata vumbi silioni.

Kalista kashika kichwa. Basil anacheka, na acheke. Shida ni umbali tu, mbwa hanisikii vizuri. Nimeshaazima kipaza sauti cha kwaya.